Linux ipi haili bando? Kwa wenye stesheneri, shule na ofisi ndogo

Tangu Microsoft ilipofunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, simu yangu haipoi. Mashine nyingi za hapa Arusha zimeingia kama mtumba wa Ulaya, na Windows 11 haizitaki: inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa mpya kuliko zilizomo. Watu wanahamia Linux, mfumo endeshi wa bure unaokaa badala ya Windows na wenye aina nyingi, kisha wananilalamikia. Lalamiko ni lilelile: "Dada, bando limeisha na hata YouTube sijafungua."

Mama mmoja wa stesheneri ya Ngarenaro aliniletea mashine yake. Intaneti yake ni hotspoti ya simu. Ananunua bando la kutwa, anachapa barua mbili tatu, akija mteja wa kutuma maombi ya kazi mtandaoni, ukurasa haufunguki. Fundi wake alikuwa amemwekea Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, na kuondoka. Nikaandika snap changes (snap ni njia ya Ubuntu ya kuweka programu, nazo hujiapdeti zenyewe), na mstari wa "Auto-refresh", yaani apdeti ya kujiendesha, ukajitokeza na saa yake: saa mbili na dakika arobaini asubuhi, kabla hajachapa hata herufi.

Kwa hiyo humu sipimi uzuri wa madirisha, kasi wala virusi. Napima mfumo unashusha nini bila kukuuliza. Mwenye faiba isiyo na kikomo kule Njiro anaweza kuishia hapa.

1. Debian

Sifichi, hii ndiyo yangu. Ipo tangu 1993, haina kampuni inayoimiliki, na toleo likishatoka halibadiliki: kinachokuja baadaye ni viraka vya usalama na marekebisho ya makosa makubwa. Debian 13 ilitoka Agosti 2025, na ukijumlisha muda wake wa nyongeza utaitumia takriban miaka mitano bila kuhama.

Mimi naiweka na Xfce, yaani muonekano mwepesi wa madirisha, na apdeti naamuru mwenyewe siku nikiwa na bando la kutosha. Cha kupendeza zaidi ni faili lake la DVD ya kwanza, kama GB 4. Ukilipata kwa flashi kutoka kwa mtu, unasakinisha mfumo mzima, LibreOffice (programu za ofisi kama Word na Excel) ikiwemo, bila intaneti kabisa. Mafundi wengi bado wanasema Debian haioni Wi-Fi. Hiyo ni habari ya zamani. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, fimwea (programu ndogo za kuendeshea kifaa) za kadi nyingi zimo humohumo kwenye faili la kusakinishia.

2. Linux Mint

Kwa anayetoka Windows na hataki kujifunza amri, chukua hii, toleo la Xfce. Imejengwa juu ya Ubuntu, lakini tangu Mint 20 ya mwaka 2020 wameifungia snap mlango, na Firefox inakuja kama kifurushi cha kawaida. Apdeti inakuonyesha alama tu chini ya skrini, inasubiri ubonyeze. Faili lake ni kama GB 3.

Tahadhari moja: kwenye duka lake la programu, angalia kama unachokitaka kimeandikwa Flatpak, njia nyingine ya kufungasha programu. Programu ya kwanza ya namna hiyo inakuja na mizigo yake ya mamia ya MB. Ikiwepo ya kawaida, chukua hiyo.

3. Ubuntu

Ni mfumo mzuri wenye tabia mbaya. Faili la kusakinishia peke yake linakaribia GB 6, na snap inachungulia apdeti mara nne kwa siku. Hata ukiwa kwenye hotspoti ya simu, kwa kawaida yake haijali. Kama tayari unayo, usiifute. Andika sudo snap refresh --hold, na siku ukitaka apdeti uziite mwenyewe. Yule mama nilimwekea hiyo, na bado anatumia Ubuntu yake.

Fedora, Linux nyingine, sikupangii. Kila miezi sita toleo jipya, na la zamani linaachwa baada ya miezi kama 13. Bando gani hilo? Puppy, nayo ni Linux, ni nyepesi mno. Inafaa kuokolea mafaili kwenye mashine iliyokufa.

Kwenye seva

Debian tena. Na kama una maabara ya shule, pale Moshi au popote, weka apt-cacher-ng, programu ya kuhifadhi vifurushi vilivyoshushwa, kwenye seva hiyo. Mashine ya kwanza ikiomba kifurushi, seva inakishusha na kukihifadhi; zilizobaki zinakipata kwa kebo ya ndani, porti 3142. Chumba kizima kinaapdetiwa kwa bando la mashine moja. Snap hazipiti humo, sababu nyingine ya kuzikwepa.

AlmaLinux, Linux ya bure ya seva, ni ya pili. Toleo la 9 lina uhai hadi 2032, na iliwaokoa wengi baada ya CentOS 8, Linux ya seva waliyoitumia, kukatizwa mwisho wa 2021 badala ya 2029. Ila zima dnf-makecache.timer, kazi inayojiendesha kwa ratiba, maana inashusha orodha za vifurushi kila mara hata kama husakinishi kitu. FreeBSD, mfumo mwingine wa seva usio Linux, waachie wanaoijua.

Sasa wauzaji. Kuna duka mjini, silitaji, linaloweka Linux na kutoa risiti yenye maneno "leseni ya mwaka 1". Leseni ya mwaka! Kuuza flashi yenye Linux ni halali, GPL, leseni ya Linux, yenyewe inaruhusu, na fundi alipwe kwa muda wake. Lakini Debian haina leseni ya kulipia kila mwaka, wala Mint, wala Ubuntu. Hata Ubuntu Pro, yenye viraka vya ziada, ni bure kwa matumizi binafsi hadi mashine tano. Ukipewa risiti ya hivyo, mwambie muuzaji aandike "kazi ya kusakinisha" na bei yake, na umuulize kabla hujalipa kama printa yako imejaribiwa. HP nyingi zinaingia kwa HPLIP, programu ya printa za HP, bila shida. Kwa nyingine, beba printa yenyewe hadi dukani na uone karatasi ikitoka.