Kadi ya bima baada ya mwaka mmoja: zile shilingi 15,000 za mlangoni

Kadi ya bima ya afya niliyopewa kazini hapa Kampala nimeitumia mwaka mzima, na kwa matibabu makubwa sina la kulalamika: mke wangu alipojifungua kwa upasuaji, hospitali ililipwa yote bila sisi kudaiwa hata senti. Kinachonisumbua ni zile shilingi 15,000 ambazo kila mwenye kadi huchangia kwenye dirisha la mapokezi kabla ya kumwona daktari.

Mama yangu, aliyeandikishwa katika kadi hiyo, ana presha na hutakiwa kupimwa kila mwezi. Mwezi Mei nilipomtembelea Bombo nilifungua kopo lake la dawa nikakuta vidonge vimekatwa nusunusu kwa kisu ili vivuke mwezi. Akaniambia, "Mwanangu, siumwi popote, nikatoe pesa za nini?" Mimi nami nilikwenda kliniki hiyohiyo kwa kikohozi tu, nikalipa 15,000 zangu, na daktari akaniandikia vipimo vinne pamoja na picha ya kifua, wala sikuuliza bei, kwa kuwa bima ndiyo inayolipa. Mchango huo ulimzuia aliyehitaji kutibiwa, lakini haukupunguza gharama zangu ndani ya chumba cha daktari.

Hayo si ya kwetu peke yetu. Katika jaribio la bima ya afya la taasisi ya utafiti ya RAND lililoendeshwa Marekani kati ya 1974 na 1982, familia zilizochangia sehemu kubwa zaidi ya gharama zilitumia huduma pungufu kwa takriban asilimia 30 kuliko zilizotibiwa bure, ila zilipunguza matibabu ya lazima karibu sawa na yasiyo ya lazima, na maskini wenye presha ndio walionufaika zaidi na matibabu ya bure. Hapa Uganda, ada zilipofutwa katika vituo vya serikali mwaka 2001, wagonjwa waliongezeka sana, hasa maskini. Walikuwapo siku zote, wakiugulia nyumbani.

Naipa kadi hii nyota tatu kati ya tano. Naiomba kampuni iondoe mchango kwa wenye presha na kisukari wanaokwenda kupimwa kwa ratiba, na badala yake ihakiki vipimo vinavyoandikwa ovyo. Kwa sasa, kila tarehe 1 namtumia mama 15,000 kwa simu, na tangu Juni hajakosa kliniki.