Sindano nzuri, subira hakuna

Wale wa kliniki ya meno wamenitumia ujumbe kwa simu wanataka niwape nyota. Mteja wetu mpendwa, tuambie ulivyohudumiwa. Haya, wacha niwaambie.

Nilikwenda kung'olewa gego la chini, upande wa kushoto. Ni juzi juzi tu, mwezi uliopita au ule mwingine. Shavu lilikuwa limefura, siku mbili silali. Kliniki iko mjini, lifti haifanyi kazi, kwa hivyo unapanda ngazi ukiwa umeshika taya. Viti vya kungojea ni vya plastiki na runinga inapiga kelele, lakini nadhani hata ningekalia kochi la ngozi siku ile ningelichukia.

Nisiseme uongo: sindano ya ganzi daktari alidunga vizuri sana. Alinipaka kwanza jeli tamu tamu kwenye ufizi, akalivuta shavu akalitikisa, na sindano ikaingia kule nyuma kabisa ya taya bila mimi kujua. Angeishia hapo ningempa nyota tano na maandazi juu yake.

Mara moyo ukaanza kwenda mbio kama matatu ya Rongai usiku. Mikono inatetemeka. Nikamwambia. "Ni woga tu, mama." Woga gani? Ile dawa ya ganzi huchanganywa na adrenalini kidogo ili mishipa ya damu ijikaze, dawa isibebwe upesi na damu, na kidonda kisivuje sana. Nyingine ikiponyokea kwenye damu, moyo unadunda kwa dakika chache kisha unatulia. Hiyo ni sentensi moja. Angeisema huku akivaa glavu.

Simu yake ikalia. Akaongea habari za kiwanja Kitengela, sijui lori la kokoto limekwama wapi. Mimi huku najifinya mdomo wa chini kwa kucha, na unauma vizuri kabisa. Akakata simu, akachukua koleo.

"Daktari, mdomo haujalala."

"Imeshika."

"Nasikia uchungu."

"Hiyo ni kusukumwa tu, si uchungu." Halafu akacheka kidogo, akasema: "Mama, si umezaa? Hii nayo ni nini?"

Hapo ndipo tulipokosana, mimi na yeye, na ndiyo sababu naandika haya yote.

Nimezaa, ndiyo. Wawili. Wa pili alitolewa kwa upasuaji nikiwa macho, nimechomwa ganzi ya mgongo. Na yule daktari wa ganzi hakuruhusu kisu kinikaribie kabla ya kunipitishia pamba yenye spiriti kutoka mguuni kupanda juu: unasikia baridi hapa? Na hapa? Mpaka nikasema sisikii. Kisha nilisikia mikono yao ikivuta na kusukuma tumboni kama mtu anayetafuta funguo ndani ya mkoba, lakini uchungu hata chembe. Nyuzi nyembamba za neva, zinazobeba uchungu na baridi, hulala kabla ya zile nene za mguso na msukumo. Kwa hivyo tofauti ya kusukumwa na kuumizwa naijua kwa mwili wangu, na nimeijua kwa sababu hiyo hiyo ya kuzaa anayonichekea nayo.

Akavuta. Nikapiga yowe. Nesi aliniambia baadaye kwamba kuna mzee aliyekuwa akingoja zamu yake, akaokota kofia akateremka ngazi.

Basi akanidunga tena, na safari hii alingoja, kwa sababu nilikuwa nimemshika mkono. Dakika tano, pengine zaidi. Mdomo ukaanza kuwasha, ukawa mzito, mwishowe nikaufinya nikaona kama nafinya mdomo wa mtu mwingine. Gego likatoka. Nililisikia likialika kama kuni kavu, uchungu hakuna.

Sasa haki itendeke. Binamu yangu anasomea udaktari wa meno, na badala ya kunionea huruma alianza kunifundisha. Anasema neva hupeleka habari kwa umeme unaotokea sodiamu inapoingia kupitia vijilango, na lignokaini, ndiyo hiyo dawa ya ganzi, hupenya ndani ya neva ikaviziba vijilango hivyo. Jino bado linalia, ila kilio hakifiki kwenye ubongo. Penye usaha pana asidi, na asidi huizuia dawa kupenya. Tena hata mikono mizoefu hukosa neva ya taya la chini mara ya kwanza. Kwa hivyo huenda ile sindano ya kwanza isingeshika hata tungengoja mpaka jioni. Sawa. Nikapandisha kutoka nyota moja hadi tatu.

Kisha nikamuuliza, mtu anajuaje kama imeshika? Akajibu: mdomo wa chini ukilala upande ule. Mdomo! Niliomwambia kwa kinywa changu! Nikarudi kwa nyota moja. Lignokaini ilitengenezwa Uswidi mwaka 1943 na Nils Löfgren, na miaka yote hiyo mtu bado anashindwa kuingoja dakika tano kwa sababu ya kokoto.

Nesi yeye ni mtu wa maana. Aliniambia nisitafune wala kunywa cha moto kwa saa tatu nne hivi, mpaka ganzi iishe. Mimi kwa hasira sikumsikia; nikafika nyumbani nikamimina chai, ikateremka kidevuni mpaka kwenye blauzi na sina habari, binti yangu anakufa kwa kicheko. Usiku nikagundua nimejitafuna shavu kwa ndani. Hilo siwalaumu wao.

Kidonda kimepona bila usaha wala homa, lazima niseme. Na sasa kuna jino la juu linalotaka kuzibwa. Binamu anasema la juu si shida, mfupa wa kule ni mwepesi, dawa hupenya haraka. Bei yao naiweza. Mkono wa yule bwana, alipotulia, ni mwepesi.

Nyota mbili. Na jana nimewapigia simu kuuliza yule nesi yuko zamu siku gani.