Land Rover 109 Series III: uzoefu wangu wa kuifufua uani, Kigamboni

Ukienda kuangalia Land Rover la zamani, beba nyundo ndogo. Macho peke yake hayatoshi, kwa sababu macho yataishia kwenye bodi, na bodi ya gari hili haisemi ukweli.

Langu ni 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) Series III ya petroli, toleo lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Nilikuwa nimeoneshwa mawili ya Tanga na moja la Bagamoyo, yote yamepigwa rangi yanang'aa, na bei za kuvutia. Niliyaacha nikaenda kununua la Dodoma, lililokuwa limechakaa, vumbi tupu, viti vimeliwa na panya. Watu waliniona sina akili. Lakini Dodoma ni kukavu, na mimi nilikuwa nanunua chasisi, si rangi.

Land Rover ilipozinduliwa 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgao, ila alumini ilipatikana. Ndiyo maana fenda, milango na boneti ni alumini, na mtindo huo ukaendelea miaka yote ya Series. Alumini haili kutu nyekundu kama chuma. Kwa hiyo gari linaweza kukaa ufukweni miaka thelathini, juu likaonekana zima kabisa, huku chini chasisi ya chuma imebaki ganda. Na chasisi yenyewe ni boksi, ndani tupu. Tope na maji ya chumvi yanaingia kwenye matundu, yanakaa humo, kutu inaanza ndani na kuja nje. Siku unayoiona kwa nje, kazi ilishakwisha.

Hapo ndipo nyundo inapohitajika. Gonga boriti ya nyuma, gonga mikono inayotoka pembeni kubeba bodi, gonga pale springi zinaposhikiwa. Palipo pazima panalia kwa sauti kali. Palipooza panajibu kwa kishindo butu na vumbi la kutu linakumwagikia usoni. Kisha inua mazulia uangalie sehemu ya kuwekea miguu, maana ukuta unaotenganisha injini na abiria nao ni chuma, na maji yanapenda kutuama hapo. Halafu futa grisi upande wa kulia mbele, kwenye kishikio cha springi, usome namba ya chasisi iliyogongwa pale. Ilinganishe na kadi. Isipolingana, mshukuru mwenye gari, mwage, uondoke. Hadithi za "TRA tutarekebisha" mwachie yeye.

Langu lilikuwa limeoza boriti ya nyuma na mikono miwili. Kwa umri wake, hiyo ni afya njema.

Sasa kuhusu kulifufua nyumbani. Nilichagua uani badala ya gereji kwa sababu moja: gari la zamani gerejini linasukumwa pembeni kila ikija kazi ya haraka, na kadiri linavyokaa ndivyo vitu vyake vinavyotembea. Leo taa, kesho kabureta. Nyumbani nati zangu zipo kwenye makopo yangu, nimeandika kila kopo kwa kalamu. Na hapa lazima nilisifie gari: linafunguka lote kwa bolti. Fenda inatoka, ukuta wa mbele wenye rejeta unatoka mzima, ukiwa na watu wanne mnabeba kasha la nyuma mnaliweka juu ya matofali. Sharti uwe na spana za inchi. Za milimita zitakula vichwa vya bolti zako zote.

Fundi mkuu alikuwa mzee mmoja wa Temeke aliyezitengeneza hizi gari tangu zilipokuwa za serikali. Tulikubaliana kulipana kwa kazi, si kwa siku, na nashauri kila mtu afanye hivyo. Mzee hana haraka hata kidogo. Kabla welda hajawasha mashine, alilinyanyua gari kwenye stendi, akahakikisha limelala sawa, akapima chasisi kwa utepe kutoka pembe hii kwenda ile, kisha pembe nyingine, akaandika vipimo ukutani kwangu kwa chaki. Akakata upande mmoja tu. Ulipochomelewa akapima tena, ndipo akaruhusu upande wa pili uguswe. Welda, kijana mwenye mikono mizuri lakini mwenye foleni ya wateja, alikuwa analalamika chinichini. Mzee akamwambia, "Mwanangu, ukikata zote mbili leo, kesho gari hili litatembea kiupande kama kaa." Vipande vipya vilitengenezwa Gerezani kwa kufuata vya zamani kama sampuli, na vilikaa vizuri.

Tahadhari kwa wanaotaka kuchomelea nyumbani: mashine ikishika, taa za nyumba zinafifia na LUKU inakimbia. Zima friji. Na kama unaanza karibu na masika, nunua turubai kabla ya kununua chochote kingine.

Kitu ambacho mafundi wengi wa bodi hapa mjini hawakizingatii ni ndoa ya alumini na chuma. Ukifunga bati la alumini kwa ribiti za chuma, hewa ya chumvi ikapita katikati, alumini inaanza kuliwa na kutoa unga mweupe. Nilikuta unga huo kando ya kila bolti ya zamani. Tumetumia ribiti za alumini, na kila palipokutana bati na chuma tumeweka kipande cha mpira mwembamba. Rangi pia: redi oksaidi, ile praima nyekundu ya chuma, ni ya chasisi. Kwenye alumini inabanduka kwa vipande, kwa hiyo dai praima yenye asidi inayong'ata alumini, hata kama fundi rangi atakuambia "zote sawa tu, bosi". Si sawa.

Injini ya cc 2,286 haikutusumbua. Siku moja mzee alikuja na kijana wake aliyezoea Toyota za siku hizi, amebeba kimashine cha kusomea hitilafu. Alizunguka chini ya dashibodi muda mrefu, mwisho akauliza kwa adabu, "Shikamoo bosi, samahani, hii tunachomeka wapi?" Mzee akampa hendeli. Wakaizungusha injini kwa mkono, wakaset mwanya wa valvu kwa inchi 0.010, wakafungua distribyuta kusafisha pointi, vile visahani vinavyokata umeme ili plagi zitoe cheche. Kijana alipoona cheche inaruka pale pointi zinapoachana, akasahau kimashine chake juu ya fenda mpaka jioni.

Upande wa spea nina manung'uniko. Vitu vingi vya Series bado vinapatikana Kariakoo na Gerezani, vipya na vilivyotumika, ukiwa na subira ya kuulizia duka kwa duka. Bushi, beringi, oilsili na gasketi sikuhangaika. Lakini raba za silinda za breki nilizouziwa duka moja, tena nikaapiwa ni orijino, zililainika na kuvimba muda mfupi tu baada ya kufungwa. Pedeli ikazama mpaka chini, kwa bahati tukiwa bado tunajaribu humu uani. Muuzaji alikataa kurudisha pesa. Tangu hapo breki nanunua silinda nzima ya chapa inayojulikana, hata kwa kuagiza nje, na kopi naziachia vitasa na vioo.

Barabarani? Usukani ni mzito, hakuna pawa. Ukifika kilomita 80 kwa saa, mazungumzo yanaisha kwa sababu ya kelele. Lita moja inakupa kilomita tano, sita ukiwa mpole. Kwenye foleni ya Mandela utaoga jasho. Lakini gia ni tamu. Series III ina sinkro, yaani kifaa cha kulainisha kuingia kwa gia, kwenye gia zote nne za mbele, hulazimiki kukanyaga klachi mara mbili kama Series IIA iliyoitangulia. Na nikilipeleka kwenye mchanga upande wa Kimbiji, nikapunguza upepo wa matairi na kubonyeza kifundo cha njano cha kuingiza foo-wili, linapita pale ambapo gari za kisasa zinasubiri kuvutwa. Ukirudi kwenye lami toa foo-wili: haina difu ya katikati ya kuruhusu ekseli za mbele na nyuma zizunguke kwa kasi tofauti, mitambo itajikaza yenyewe. Simamisha gari, vuta nyuma mkono mwekundu wa gia nzito, usukume tena mbele, na kile cha njano kitaruka juu chenyewe.

Gharama: chasisi na uchomeleaji vilikula kuliko injini, gia boksi na rangi vikijumlishwa, na hilo gari lilikuwa zima kuliko wenzake. Anayetaka gari la kwenda kazini kila siku, achukue kitu kingine. Mwenye uwanja, fundi mvumilivu na moyo wa kuchafuka, nampa nyota nne bila kusita. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya milango. Madirisha ni ya kuteleza, na kanda za kitambaa zinazoshika vioo zimeisha, kwa hiyo mvua ya upepo bado inaniingilia begani. Anayejua zinakouzwa hapa mjini aniambie, nimechoka kuambiwa "njoo wiki ijayo".