Beetle ya 1969 kama gari la kufufua na kijana wako: miezi 14 chini ya mwembe

Nianze na jibu maana najua wengi mnataka hilo tu: kama una kijana wa miaka 13 mpaka 17 na mnatafuta gari dogo la zamani la kufufua pamoja, chukueni Volkswagen Beetle, ile ya mgongo wa kobe. Ila ukienda kuikagua, kagua sakafu, injini iache kwanza. Mimi nilifanya kinyume na hela imenitoka kwelikweli, nitaeleza huko mbele.

Yetu ni 1300 ya mwaka 1969. Nimeitoa Tanga kwa mzee mmoja mstaafu, ilikaa bandani miaka 9, kuku wanatagia siti ya nyuma. Milioni 3 na laki 8 mpaka inapanda kwenye lori kuja Dar. Aliyeitaka ni binti yangu, alikuwa na miaka 15, kidato cha pili, alikuta picha ya babu yake kasimama na gari kama hiyo Lushoto akawa kila siku ananiuliza baba ile gari babu alimuuzia nani, ipo wapi. Ile ya babu hatukuipata, tukapata hii, tukaiita Kobe.

Kwa nini Beetle na sio gari nyingine? Kwanza ni gari iliyothibitika kwenye barabara zetu wenyewe. Mashindano ya magari ya Safari Rally imeshinda 1954, 1957 na 1962, kwenye tope na mawe ya Afrika Mashariki hii hii, na injini yenyewe cc 1200 hivi. Pili, na hili ndo kubwa kwangu, kila kitu kinaonekana. Injini ipo nyuma, silinda nne zimelala, mbili kulia mbili kushoto, inapozwa na hewa, kwahiyo hakuna rejeta, hakuna wota pampu, hakuna hosi za maji. Mtoto akifungua nyuma anaona feni, jenereta, kabureta na distributa (inayogawa umeme kwenye plagi), anafuata kwa kidole petroli inapopita mpaka inapoingia na umeme unapotoka mpaka kwenye plagi. Gari za sasa ukifungua boneti unakuta plastiki nyeusi imefunika kila kitu, utamfundisha nini hapo.

Injini yenyewe inashikwa na bolti nne, spana namba 17. Unachomoa waya, kebo ya pedeli ya mafuta, hosi ya petroli, kebo za hita, unanyanyua gari nyuma juu sana kwenye stendi, unaweka jeki ya magurudumu chini, unaivuta kwa nyuma kisha unashusha taratibu. Mara ya kwanza tulianza asubuhi tukamaliza magharibi, mara ya tatu binti aliongoza yeye tukatumia saa moja na nusu. Ina uzito karibu kilo 100 kwahiyo mtoto asiingie chini ya gari hata dakika moja, hilo kwangu halina mjadala.

Somo zuri kuliko yote lilikuwa kuseti valvu. Injini iwe baridi, unafungua vifuniko kwa bisibisi maana vimebanwa na waya tu, unapima uwazi wa valvu kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia), milimita 0.15, unazungusha puli nusu duru unaenda silinda inayofuata, kwa mpangilio wa 1, 4, 3, 2. Binti akaniuliza, baba kwa nini tuache uwazi, si bora ibane kabisa? Nikamwambia ukiibana valvu haitafunga vizuri, na isipofunga vizuri moto wake hauna pa kutokea, maana unatokea pale inapogusana na kiti chake, itaungua. Akanyamaza kidogo akasema kwahiyo hiyo ni ile mada yetu ya joto kusafiri kwenye chuma, akaingia ndani akatoka na daftari la fizikia, akachora valvu pale pale mikono imejaa oili. Lile daftari lina alama za vidole mpaka leo na sitaki alinunulie jalada jipya.

Sasa kutu. Hapa nisikilizeni vizuri hasa mnaoishi pwani.

Beetle ina sakafu ya bati na bodi imefungwa juu yake kwa bolti pembeni kuzunguka, na betri inakaa chini ya siti ya nyuma. Asidi ikimwagika pale na maji ya mvua yakiingia kwa raba zilizochoka, sakafu inaliwa kimya kimya huku kwa juu umetandika zulia unaona gari safi. Mimi nilipofika Tanga nilifurahi injini inazunguka, nikapiga bei. Nilipaswa kutoa zulia, kuinua siti, kuchukua bisibisi na kubonyeza kila kona, halafu kupitisha sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye madigadi na chini ya milango: isiponasa ujue hapo kuna pati sio chuma.

Fundi bodi wa kwanza niliyempa kazi, simtaji wala gereji yake siitaji, alichukua laki 9, akapigilia bati jipya juu ya lililooza kwa riveti, akapaka lami nene chini, akanirudishia gari inang'aa. Baada ya miezi miwili binti alikuwa anafagia ndani, akabonyeza kwa bisibisi kama nilivyomfundisha, ikapita mpaka chini. Alilia. Nami nilikaa pale chini ya mwembe sina la kusema maana sio hela tu, kulikuwa na Jumamosi zetu nane mule ndani.

Tukampata fundi mwingine, mtu mzima, kazi yake taratibu na bei yake imesimama. Huyu ndo namsifia. Kabla ya kukata chochote alichomelea mabomba ya chuma kwenye uwazi wa milango yote miwili, akamweleza binti kwamba zile mbavu za chini ya milango, ambazo kwa Wajerumani ni mifereji ya kupitisha hewa ya moto, ndo zinashika umbo la gari, ukizikata bila kufunga mabomba bodi inajikunja na milango haitafunga tena maisha. Watu wengi huku wanaziziba tu wakisema hita ya nini Dar es Salaam. Hita hatuihitaji kweli, lakini mbavu tunazihitaji! Akanyanyua bodi yote juu na vijana wake, akakata sakafu nusu zote mbili, akaweka mpya, akapaka praima ndani na nje. Alimruhusu binti kusafisha kutu kwa brashi ya waya na kupiga msasa, amevaa miwani na glavu, kuchomelea akamkatalia, na tangi la petroli lilitolewa likawekwa mbali kabisa na cheche. Kazi yote ya bodi na rangi imekula milioni 6 na laki 2. Ndio, zaidi ya bei ya gari. Kwahiyo ukikuta Beetle injini imekufa lakini sakafu nzima, na nyingine inawaka vizuri sakafu imeoza, chukua iliyokufa.

Spea sio shida kama watu wanavyotisha. Beetle zimetengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho imetoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, ndo maana vitu bado vipo. Kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani hapa Dar tulipata plagi, platini, feni belti, kebo ya klachi, brashi za jenereta. Seti ya gasketi za kabureta tuliagiza nje, ikachukua wiki tano. Ushauri wangu ni mmoja, usibane hela kwenye raba. Raba za bei rahisi za madirisha na milango zimepasuka kwa jua ndani ya miezi minne, na maji yakiingia unarudi kwenye kutu.

Hosi za petroli badilisha zote siku ya kwanza, usisubiri, zile za zamani za kitambaa zinakauka zinavuja juu ya injini ya moto na Beetle nyingi zimeungua hivyo. Betri ifunikwe vizuri, maana springi za siti zikigusa nguzo za betri abiria mnene akikaa nyuma moto unaanzia chini yake. Breki zetu ni za ngoma miguu yote minne, tumebadilisha masta silinda na hosi zote, hapo sikutaka cha mtumba. Na taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani simama hapo hapo, maana belti inayozungusha jenereta ndo hiyo hiyo inayozungusha feni, ikikatika injini haina cha kuipoza. Sisi tunatembea na belti ya akiba na spana namba 21, na binti anaibadilisha bila mimi.

Kuiendesha? Polepole. Mlima inapanda kwa gia ya pili na ina kelele, AC hakuna, jua la saa nane Morogoro Road utalisikia vizuri. Lakini kuna kitu kimoja binti anakipenda kuliko vyote, maji ya kuoshea kioo cha mbele yanasukumwa na upepo wa tairi ya akiba! Hakuna pampu. Yeye ndo anapima upepo wa ile tairi kila Ijumaa.

Kushika usukani barabarani bado, mpaka afikishe 18 apate leseni, na hilo tumekubaliana. Anakaa kushoto, amezima redio, anasikiliza. Wiki iliyopita tunatoka Bagamoyo akaniambia baba silinda moja inakosa moto, mimi sikuwa nimesikia kitu. Tukasimama tukakuta kofia ya plagi ya silinda ya tatu imelegea.

Kilichobaki ni raba ya kioo cha mbele, mvua ya juzi imeingiza maji upande wa abiria na ameshatandika magazeti kwenye sakafu mpya. Ameandika kwenye daftari lile lile: Jumamosi, saa mbili, kutoa kioo, baba alete kamba ya katani.