Kifaa cha kufuatilia gari: ufundi ni mzuri, mkataba haufai

Lori langu aina ya Fuso, ambalo msimu wa korosho hubeba mzigo kutoka maghala ya Masasi na Newala kuja Mtwara, lina kifaa cha kufuatilia gari kwa mwezi wa 14 sasa. Kampuni iliyokifunga ina wakala hapa mjini, na kwa upande wa ufundi sina la kulalamikia. Fundi alikificha nyuma ya dashibodi, akatia laini ya simu ndani yake na kihisi kwenye tangi la dizeli. Tangu siku hiyo naona kwenye simu yangu gari lilipo, mwendo wake na saa injini ilipozimwa. Usiku mmoja, lori likiwa limeegeshwa Mnazi Mmoja, mstari unaoonyesha mafuta kwenye simu ulishuka kwa lita 38 kati ya saa 8 na saa 9. Nilimpigia dereva palepale, akamkuta mtu chini ya gari ana mpira na dumu. Kwa hilo naisifu huduma hii kwa moyo mweupe.

Shida ilianza nilipozihitaji kumbukumbu zenyewe. Wakala wa bima aliniambia kwamba rekodi ya mwendo ya mwaka mzima ingemsaidia kuniombea punguzo la ada. Kampuni ikanijibu kwamba mteja huona siku 90 tu, kwamba zilizotangulia ni mali yake, na kwamba mkataba nilioutia saini unairuhusu kuzitoa kwa "washirika wa kibiashara". Nikausoma upya, na kweli imeandikwa, ukurasa wa 4, kwa herufi ndogo. Mimi ninayenunua dizeli na kulipa kila mwezi nanyimwa safari za gari langu, ilhali mtu nisiyemjua anaweza kuuziwa.

Hofu hii ina msingi. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza hatua dhidi ya kampuni ya magari ya General Motors na kampuni yake tanzu ya OnStar, ikidai zilikusanya na kuuza data za mahali na za uendeshaji bila ridhaa ya kutosha ya wenye magari, na kwamba data hizo ziliishia kwa kampuni za bima zilizozitumia kupanga viwango vya ada. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 12 Septemba 2025, mtumiaji wa gari lililounganishwa na intaneti ana haki kisheria ya kupata data zake na kuagiza zipelekwe kwa gereji anayoitaka mwenyewe.

Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inampa mtu haki ya kupata taarifa zinazomhusu. Inamlinda mtu, si chombo, na kwa maoni yangu hapo dereva ana nguvu kuliko mimi mwenye lori, kwa kuwa mwendo ule na vituo vile ni nyendo zake. Anaomba kazi ya basi, na aliposikia habari ya siku 90 alisikitika: "Mzee, hizo kumbukumbu ndizo cheti changu." Tumeandika barua mbili, yake na yangu, tukazipeleka kwa wakala kwa mkono.

Kifaa nakipendekeza kwa kila mwenye lori wa Mtwara na Lindi, mradi kifungu cha washirika kikatwe kabla ya saini. Mkataba wangu unaisha Novemba, na kikiwa bado kimo sitauhuisha.