Renjifainda ya Filamu: Uchukue Kioo cha 0.58, 0.72 au 0.85?

Ukisema unatafuta kamera ya renjifainda ya filamu, utaambiwa utafute yenye kioo cha kuchungulia chenye ukuzaji mkubwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Sikubaliani na ushauri huo. Kwa mpiga picha wa Mwanza, anayefanya kazi mialoni, mitaa ya Makoroboi na ndani ya vivuko, mpangilio wangu wa namba za ukuzaji ni huu: 0.72 kwanza, 0.58 na 0.60 nafasi ya pili, 0.85 na 0.91 ya tatu, 1.0 ya nne, na 0.52 ya mwisho. Kama unavaa miwani, nafasi ya kwanza na ya pili zinabadilishana, na hapo sina shaka hata kidogo.

Namba hiyo ina maana rahisi. 0.72 ni kwamba unachokiona ndani ya kioo kinaonekana kwa asilimia 72 ya ukubwa wake kwa macho matupu, 1.0 ni sawasawa na macho. Kwenye renjifainda hutazami kupitia lenzi kama kwenye SLR. Unachungulia kwenye kioo chake chenyewe, na ukibadilisha lenzi kioo kinabaki vilevile. Kinachobadilika ni mistari ya fremu inayokuonyesha lenzi ya milimita 35, 50 au 90 itachukua eneo gani. Katikati kuna kiraka chenye taswira mbili, nawe unazungusha lenzi mpaka zigeuke moja. Namba kubwa inakuza kiraka, kwa hiyo fokasi inakuwa rahisi. Lakini namba hiyohiyo kubwa inapunguza eneo unaloliona, na fremu za lenzi pana zinaanza kukimbilia kwenye kingo za kioo mpaka zinapotea.

Kuna kipimo cha pili ambacho wauzaji wengi hawakitaji: umbali kati ya madirisha mawili yanayoleta zile taswira, unaoitwa msingi wa kamera. Usahihi wa fokasi unatokana na msingi ukizidishwa kwa ukuzaji. Leica M zina msingi wa karibu milimita 69, kwa hiyo zenye kioo cha 0.72 zinakupa milimita 50 hivi za kufanyia kazi. Bessa R3A ina kioo kikubwa cha 1.0, ila msingi wake ni milimita 37 tu, na ukizidisha unabaki na 37 hizohizo. Yaani kamera yenye namba ndogo inafokasi kwa usahihi zaidi ya yenye namba kubwa. Anayenunua kwa kusoma ukuzaji peke yake anasoma nusu ya habari.

Je, unahitaji milimita ngapi? Kuna hesabu ya makadirio unayoweza kuifanya kwenye simu. Chukua namba ya lenzi (ile 35, 50 au 90), uizidishe kwa yenyewe, gawa kwa namba ya tundu lake likiwa wazi kabisa (ile inayofuata f/), kisha gawa kwa 100. Lenzi ya 35 yenye f/2 inadai milimita 6 tu. Ya 50 yenye f/1.4 inadai 18. Ya 90 yenye f/2 inaruka hadi 40, na ya 135 yenye f/4 inapita 45. Hicho ni kiwango cha chini, kwa macho mazuri, mwanga mzuri na kamera iliyosetiwa vizuri. Mimi nashauri uzidishe mara mbili ili ufanye kazi kwa utulivu. Ona jinsi lenzi ya 35 isivyo na madai. Mwenye 35 hana sababu ya kulipia kioo kikubwa.

Na mwanga wetu unazidi kupunguza madai hayo. Saa sita mchana pale Mwaloni Kirumba, na filamu ya ISO 400, unafunga lenzi hadi f/11 kwa 1/1000 ya sekunde na bado uko sawa. Lenzi ya 35 ikiwa kwenye f/11, ukiipeleka fokasi mita 4, kila kitu kuanzia mita 2 hadi ng'ambo ya ziwa kinatoka vizuri. Huhitaji hata kugusa kile kiraka. Kiraka kinakuwa na kazi alfajiri boti za dagaa zinaporudi, jioni, na ndani ya nyumba.

Ndiyo sababu 0.72 inakaa juu. Uzuri wa renjifainda ni kuona kilicho nje ya fremu kabla hakijaingia. Fikiria mama anaanua dagaa kabla mvua haijashuka. Umeshamsalimia, umeshamwomba ruhusa, unachungulia ukiwa na lenzi ya 50. Ndani ya fremu kuna mikono yake na dagaa wanaong'aa, na kiraka kimekaa juu ya kidole gumba, taswira mbili za ukucha zikisogeleana. Nje ya mstari wa kushoto unamwona mchukuzi aliyejitwisha gunia anakuja, bado hatua mbili. Unamsubiri. Akikanyaga ndani ya mstari unabonyeza. Kwenye kioo cha 0.72 fremu ya 50 imezungukwa na nafasi ya kutosha kukupa hizo hatua mbili, na bado kiraka ni kikubwa vya kutosha kwa f/1.4. Kwenye kioo cha 1.0, mchukuzi anatokea ghafla.

Kamera za kundi hili ni nyingi. Leica M2 ina fremu za 35, 50 na 90, na kila moja hutokea peke yake, jambo ninalolipenda sana kwa sababu jicho halichanganyikiwi. M4 ya mwaka 1967 iliongeza 135. Kuanzia M4-P hadi M6 iliyotoka 1984, fremu ni sita na zinatokea mbilimbili: 28 na 90, 35 na 135, 50 na 75. Zinazoeleka, ingawa mwanzoni unaweza kupanga picha kwa mstari usio wako. Zeiss Ikon ya 2005 ina 0.74 na msingi wa milimita 75, hivyo inakupa zaidi ya 55. Kioo chake ni kipana na angavu, na kwa anayeanza bila lenzi yoyote ndiyo ningemwonyesha kwanza. Bessa R2A ina 0.7, lakini msingi wake ni uleule wa milimita 37, na hesabu inashuka hadi 26. Inatosha kwa 35 na 50. Usiipe 90 yenye f/2.

Tahadhari moja kuhusu M6: jua la jioni linapozama upande wa Sengerema nawe umelielekea, kiraka kinaweza kujaa mwanga mweupe na taswira ya pili ikapotea. Sogeza jicho kidogo mpaka lirudi katikati ya kioo. MP ya 2003 ilirekebishwa tatizo hilo, na kama picha zako nyingi ni za machweo, tofauti ya bei ina sababu.

Sasa miwani. Miwani inaliweka jicho mbali na kioo, na kila milimita inayoongezeka inakata kingo. Kwenye 0.72 fremu ya 28 ina uwezekano mkubwa wa kutoonekana yote kwa mara moja. Utakuwa unahamisha jicho kushoto na kulia ukikisia. Ya 35 inaonekana kwa kubana. Kwenye 0.58, fremu ya 35 inakaa katikati, imetulia, na ya 28 inafikika. Leica M6 TTL na M7 zilitolewa kwa vioo vitatu, 0.58, 0.72 na 0.85, kwa hiyo soma tangazo kwa makini, maana kwa mbali zinafanana. Hiyo ya 0.58 inakupa milimita 40 hivi, tosha kabisa kwa 50 yenye f/1.4, ila haina fremu ya 135. Konica Hexar RF ya 1999 ina 0.60 na msingi unaolingana na wa Leica, inasogeza filamu yenyewe kwa mota, na shata yake inafika 1/4000, jambo la maana kwenye jua letu. Minolta CLE nayo ina 0.58 na fremu za 28, 40 na 90, ndogo ya kubeba, lakini msingi wake mfupi unaishusha hadi karibu milimita 29. Kwa lenzi zake ndogo inatosha.

Mwenye miwani aangalie pia pete ya kioo. Kamera nyingi za zamani, Leica M3 na Canon P zikiwemo, zina pete ya chuma tupu inayokwaruza miwani ya plastiki. Tafuta raba ya kuizungushia kabla hujaanza kuitumia. Na kama miwani yako ni ya kuona mbali tu, bila tatizo jingine la jicho, Leica zina vioo vidogo vya kurekebisha macho vinavyofungwa pale pale kwa kuzungusha. Ukikipata cha namba yako, unaivua miwani na mpangilio wangu wa kwanza unarudi kwako.

Kundi la tatu ni la wapiga picha za watu kwa karibu. Ukienda Bujora kupiga picha ngoma za Bagika na Bagalu, vikundi viwili vya ngoma vya Wasukuma, ukiwa na lenzi ya 90, fremu yake kwenye 0.58 ni kisanduku kidogo katikati ya uwanja mpana, na mcheza ngoma hatulii. Kwenye 0.85 unapata milimita 59 hivi na fremu yenye ukubwa wa kufanyia kazi, ila unaikosa 28. Leica M3 ya 1954, yenye 0.91, inafika karibu 63, na sijaona kioo kinachofurahisha zaidi kwa lenzi ya 50. Fremu zake zinaanzia 50 hapohapo, na lenzi ya 35 inataka toleo lake maalumu lenye vioo vya ziada. Kama roho yako iko kwenye 50 na 90, hii ipande iwe ya kwanza kwako.

Kioo cha 1.0 kina raha yake: unaacha macho yote mawili wazi na fremu inaelea hewani mbele yako. Bessa R3A ina fremu za 40, 50, 75 na 90. Canon P ya 1959 ina 35, 50 na 100 zinazoonekana zote kwa pamoja, na fremu ya 35 iko ukingoni kabisa kiasi kwamba mwenye miwani aisahau. Ninaiweka ya nne kwa sababu ya ile nafasi ya kumsubiri mchukuzi.

0.52 ni ya Bessa R4A na R4M, zenye fremu za 21, 25, 28, 35 na 50. Zinafaa kwa mtu wa lenzi pana sana, wa nyumba zilizopandana na mawe milimani na anga zima juu yake. Msingi wa kazi ni milimita 19 tu. Kwa wengi, 0.72 na kioo cha nje cha 21 kinachochomekwa juu ya kamera vinatosha.

Anayesitasita kati ya 0.72 na 0.85 achukue 0.72, kisha anunue kikuzaji cha 1.25 kinachofungwa nyuma ya kioo. Kinaipandisha hadi 0.90 unapoweka 90, na unakitoa ukirudi kwenye 35. Kinapunguza mwanga kidogo, na kupotea ni rahisi, kwa hiyo kifunge kwa mnyororo wake.

Vyovyote utakavyochagua, mzigo ukifika usikimbilie kuweka filamu. Safari za posta zinatikisa, na renjifainda huhama. Panda Capri Point asubuhi hewa ikiwa safi, peleka lenzi mwisho wa fokasi ya mbali, kisha elekeza kiraka kwenye mnara wa simu au jengo la upande wa pili wa ghuba. Taswira mbili ziwe moja kabisa. Zikiachana kushoto na kulia, fokasi ya mbali haiko sawa. Moja ikikaa juu ya nyingine, kiraka kimehama wima, na hilo fundi wa kamera hulirekebisha. Kisha simama mita moja kutoka ukutani, urudie. Ikiwa mbali iko sawa na karibu haiko, au kiraka kimefifia hata kivulini, mwandikie muuzaji siku hiyohiyo, kabla muda wa kurudisha haujaisha.