Uzoefu wangu na kikokotoo cha umbali wa ndege: Lindi hadi Mwanza

Nilipokuwa nikipanga kumpeleka mama yangu kwa dada yetu anayeishi Mwanza, nilitumia kikokotoo cha mtandaoni kinachopima umbali wa ndege kati ya miji miwili. Niliandika Lindi na Mwanza, nikajibiwa kilomita 1,125 kwa mstari mnyoofu na muda wa angani usiofika saa 2. Kwa kuwa mama ana maumivu ya magoti na hawezi kukaa kitako kwa muda mrefu, nilifurahi, nikamweleza kwamba safari ni ya saa mbili tu.

Kipimo chenyewe hakina kosa. Mstari ule unakata nchi moja kwa moja na kupita karibu na Dodoma, lakini hakuna ndege tuliyoipata iliyofuata njia hiyo. Sisi tuliondoka Lindi saa 12 asubuhi kwa gari, tukashuka kusini kilomita zipatazo 105 hadi uwanja wa Mtwara, ndipo tukapanda ndege ya pangaboi iliyoturudisha kaskazini kuelekea Dar es Salaam. Tuliruka saa 4, tukatua saa 5. Ndege ya Mwanza ilikuwa ya saa 9 alasiri, na saa hizo nne za kusubiri ndizo zilizomtesa mama, kwa sababu viti vya kungojea havina mahali pa kunyoosha miguu. Aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, saa mbili ulizonihesabia si zimeshapita?" Sikuwa na jibu. Tulifika kwa dada, Nyegezi, saa 11 na nusu jioni, yaani saa 11 na nusu kamili tangu tulipofunga mlango wa nyumba.

Baadaye niliketi na kikokotoo kile kile nikapima kipande kwa kipande, nikaona thamani yake. Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilomita 400 hivi, muda wa saa 1. Dar es Salaam hadi Mwanza ni kama kilomita 850, muda wa saa 1 na nusu. Vipande vyote viwili vililingana na tulivyosafiri. Hesabu yake huchukua mwendo wa kilomita 800 kwa saa, kisha huongeza nusu saa ya kupaa na kutua, na nusu saa hiyo huhesabiwa mara moja tu hata kama msafiri atapanda ndege mbili. Ningependa wenye huduma waliandike jambo hilo wazi, karibu na jibu lenyewe, kwa sababu anayepanga safari ya mgonjwa au mzee hutegemea sana tarakimu ile.

Ninaendelea kukitumia, ila sasa ninaandika viwanja ambavyo ndege hutua kweli, kisha ninajumlisha barabara na kungojea. Safari ya kurudi tuliivunja Dar es Salaam, tukalala kwa mdogo wangu Mbagala, na mama akaamka miguu haijavimba.